NANI KAMPA MTAWALA KALAMU?

Wako Marekani watu wanaojiita wahafidhina. Kwa miaka arubaini na zaidi walikuwa na kauli moja juu ya namna ya kuisoma katiba ya nchi yao, na kwa kauli hiyo walipata ushindi mkubwa mahkamani. Leo wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, na maneno wanayorushiana ni makali kuliko yale waliyokuwa wakiwarushia wapinzani wao. Tumeona ni wajibu wetu kuueleza ugomvi huo katika ukurasa huu. Huenda mwenzetu akauliza: mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yanatuhusu, tena sana. Hoja inayopiganiwa kule ni ndugu wa hoja iliyotumiwa hapa kwetu mwaka 2015, na kwa kuwa kule imevaa joho la chuo kikuu na imeandikiwa vitabu, ni rahisi zaidi kuikamata na kuitazama usoni.

Katiba ya Marekani iliandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787. Ni fupi: ibara saba, na marekebisho 27 yaliyoongezwa baadaye, la mwisho likithibitishwa mwaka 1992. Kuibadilisha ni kazi nzito, kwani kwa kawaida yatakiwa thuluthi mbili ya kila baraza la Kongresi, kisha robo tatu ya majimbo yote. Basi watu wakishindwa kuibadilisha hujaribu kuisoma upya. Na mwenye kauli ya mwisho katika kuisoma ni Mahkama ya Juu yenye majaji tisa, ambao wakishateuliwa hukaa mpaka wafe au wastaafu kwa hiari yao, isipokuwa mmoja wao atende la kumwondoa. Watu tisa kwa taifa la watu zaidi ya milioni mia tatu! Yeyote aliyewahi kusimama kuomba haki mbele ya hakimu mmoja ataelewa kwa nini Wamarekani hawalali kwa kugombana juu ya macho ya hao tisa.

Kundi la kwanza tutaliita Watu wa Asili. Hawa husema katiba isomwe kwa maana iliyokuwa nayo siku ilipopitishwa, wala jaji asitie lake. Mwaka 1985 Edwin Meese, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Rais Reagan, aliitangaza kauli hiyo mbele ya mawakili wa nchi nzima. Mwaka 1987 Robert Bork, mwanachuoni mkubwa wa kundi hilo, akapendekezwa kuwa jaji wa Mahkama ya Juu, na Seneti ikamkataa kwa kura 58 kwa 42. Lakini mwenziwe Antonin Scalia alikwisha kuingia mwaka uliotangulia, akakaa mpaka alipofariki mwaka 2016, na yeye ndiye aliyeitengeneza hoja ikasimama. Scalia alisema tusitafute yaliyokuwa nyoyoni mwa waandishi, kwa sababu sheria ni ile iliyotangazwa kwa watu. Tutafute maana ambayo mtu wa kawaida wa siku zile angaliipata alipoyasoma maneno yale.

Hasira yao haikuzuka hivi hivi. Tangu siku za Jaji Mkuu Earl Warren, aliyekaa kitini toka 1953 hata 1969, na khasa baada ya hukumu ya mwaka 1973 iliyoifanya haki ya kutoa mimba kuwa haki ya kikatiba, waliona kuwa majaji wanachomoa katika katiba vitu walivyovitia wao wenyewe.

Hoja hii ina nguvu, na sisi hatuibezi. Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mtu wa Unguja wa zamani ameweka wakfu nyumba yake na kuandika kwamba kila mwaka zitolewe rupia kadhaa kwa mafuta ya taa za msikiti. Rupia iliondoka katika matumizi yetu mwaka 1936, ikaja shilingi, kwa kima cha shilingi moja na nusu kwa rupia. Jee, mwangalizi wa wakfu aseme, "Rupia haipo tena, kwa hivyo sharti limekufa na pesa ni zangu"? Hasha. Atauliza rupia ilikuwa nini siku ile hati ilipoandikwa. Mafakihi wetu wamesema tangu kale kuwa sharti la aliyeweka wakfu lifuatwe kama ifuatwavyo nassi. Walisema hivyo kwa kuwa aliyeweka wakfu amekufa, msikiti hauna ulimi, na aliyebaki na funguo mkononi ni mwangalizi peke yake. Andiko ndilo shahidi pekee asiyeweza kuongwa.

Lakini mfano huohuo una upande wa pili. Hati imesema mafuta ya taa, na msikiti sasa unawaka umeme. Mwangalizi akiendelea kununua mafuta na kuyamwaga atakuwa ameyatii maneno na kuua makusudio. Hapa ndipo linapoanza kundi la pili, ambalo tutaliita Watu wa Adili.

Hawa nao ni wahafidhina, wala tusidhani ni wapinzani waliovaa kanzu ya kuazima. Mkubwa wao alikuwa Harry Jaffa, mwalimu wa California aliyefariki mwaka 2015, ambaye mwaka 1959 alitoa kitabu kikubwa juu ya mabishano ya Abraham Lincoln na Stephen Douglas. Mwengine ni Hadley Arkes, aliyesomesha miaka mingi katika chuo cha Amherst. Wao husema katiba haikushuka peke yake. Ilitanguliwa na Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, lililosema watu wote wameumbwa sawa, na asiyesoma katiba kwa nuru ya msingi huo hajui anachosoma. Kwao, haki na batili zinajulikana kwa akili, na jaji anayedai kuwa hukumu yake haina adili ndani yake ama hajijui, ama anawadanganya watu. Mwaka 2022, Mahkama ya Juu ilipoifuta ile hukumu ya 1973, Watu wa Asili walishangilia, Arkes alinung'unika. Alisema mahkama imerudisha jambo kwa majimbo bila ya kutamka kama aliyemo tumboni ni mtu au si mtu, na kwamba hilo ndilo lililokuwa swali.

Ushahidi wao mkubwa ni aibu ya mwaka 1857. Mtumwa Dred Scott alidai uhuru wake kwa kuwa bwana wake alikwenda naye akakaa naye katika ardhi iliyopigwa marufuku utumwa. Jaji Mkuu Roger Taney akamkatalia, majaji saba kwa wawili. Akasema katiba lazima isomwe kwa maana iliyokuwa nayo ilipotungwa, na kwamba siku ile watu weusi hawakuhesabiwa katika umma, basi hata aliye huru miongoni mwao hawezi kuwa raia. Haya ni maneno ya Mtu wa Asili! (Tusisahau kwamba siku hizohizo pamba iliyovunwa kwa mikono ya watu kama Scott ilikuwa ikifumwa katika viwanda vya kaskazini na kuletwa Unguja kwa marobota, nayo ndiyo ile nguo ya merikani waliyoivaa babu zetu. Marekani haikuwa mbali na sisi kama tunavyodhani.)

Sasa tulia hapa, ewe msomaji, kwa sababu hapa ndipo makundi yote mawili yanapopita mbio. Jaji Benjamin Curtis, mmoja wa wale wawili waliokataa, hakumjibu Taney kwa adili peke yake. Alimjibu kwa Asili yake mwenyewe. Alionyesha kwamba wakati dola ile ilipokuwa ikiundwa yalikuwepo majimbo matano ambamo watu weusi walio huru walikuwa raia na wakipiga kura. Yaani walikuwamo katika umma ule Taney aliosema hawakuwamo. Neno utumwa lenyewe halikutiwa katika katiba ya 1787. Waandishi walilizunguka kwa maneno ya kificho, kwa kuwa waliona haya kuliandika. Basi Taney hakupotezwa na maandishi. Moyo wake ulikwisha kuhukumu kabla macho hayajasoma.

Watu wa Asili hawajapata jibu safi la jambo hili, wala la hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku kuwatenga watoto weusi katika shule. Kwani Kongresi ileile iliyopitisha Rekebisho la 14 mwaka 1866, lenye kuahidi hifadhi sawa ya sheria, iliziacha shule za mji mkuu wa Washington zikiwa mbali mbali kwa rangi. Ukitazama walivyofanya watu wa 1866, utengano ulikuwa halali. Ukitazama walivyoandika, haukuwa halali. Sisi twasema walichoandika ndicho kilichowafunga, na matendo yao yalikuwa ni kuivunja ahadi yao wenyewe. Lakini kulisema hilo yataka mtu mwenye dhamira ya kutambua kuwa dhulma ni dhulma. Kamusi peke yake haitamwambia.

Hata hapa tungeweza kuwapatanisha. Kisha likaja kundi la tatu likaharibu.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 Adrian Vermeule, mwalimu wa sheria katika chuo cha Harvard, aliandika makala, na mwaka 2022 akatoa kitabu, akisema Asili imemaliza kazi yake na sasa wahafidhina waisome katiba kwa maslahi ya umma. Miezi michache baada ya makala yake, Jaji Neil Gorsuch, Mtu wa Asili aliyeteuliwa na wahafidhina, alisoma neno moja la sheria ya ajira ya mwaka 1964 kwa namna ambayo wahafidhina wengi hawakuipenda hata kidogo, na wengi wakasema chombo walichokiunda kimewageuka. Vermeule akapata masikio ya kumsikiliza.

Jee, anasema nini? Anasema lengo la katiba si kwanza kuzuia mamlaka yasitumiwe vibaya, bali ni kuhakikisha kuwa mtawala ana nguvu za kutosha za kutawala vyema. Anasema raia, hata kama mwanzo ataona anasukumwa, atakuja kumshukuru mtawala aliyemtengeneza tabia. Wasomaji wetu wayasome tena maneno haya, kisha wajiulize ni mtawala gani duniani asiyependa kuyasikia. Jaffa na Arkes walilitaka adili ili limzuie mwenye nguvu. Kwa Lincoln lilikuwa ndilo la kumwambia bwana kwamba mtumwa wako ni mtu. Bwana Vermeule amelichukua adili hilohilo akampa mtawala liwe fimbo.

Sisi tuliosoma chuoni, wala hatusemi hivi kwa kujifakharisha, twaijua njia hii, maana wakubwa wetu waliipita miaka zaidi ya elfu iliyopita. Hatulinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na karatasi za wanaadamu, tuwe wazi. Twalinganisha kazi ya wasomaji. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani hii, aliyefariki Misri mwaka 820, alikuta wanazuoni wakiacha dalili na kuhukumu kwa kile wanachokiona ni kizuri, jambo liitwalo istihsani, naye akaliandikia hoja za kulibatilisha. Kwake huo ulikuwa utamu wa nafsi uliovalishwa kilemba cha elimu. Wala hakuikataa akili. Alitoa mfano wa kibla. Aliye mbele ya Al-Kaaba huielekea kwa macho yake. Aliye mbali haioni, lakini hakuruhusiwa kuelekea popote apendapo. Atafute kwa nyota, kwa pepo, kwa milima, kwa alama alizowekewa, kisha ajitahidi. Akili inafanya kazi, na kazi yake ni kuifuata alama.

Baadaye walikuja waliokataa hata kiasi hicho. Daud bin Ali wa Baghdad, na baada yake Ibn Hazm wa Andalusi aliyefariki mwaka 1064, walishika dhahiri ya maneno na kuikataa kiyasi kabisa. Hao ni Watu wa Asili waliopita mpaka. Na walikuja walioitanua maslaha, mpaka At-Tufi, aliyefariki mwaka 1316, akafika pahala pa kuitanguliza maslaha mbele ya nassi katika mambo ya muamala. Ghazali kabla yake alikuwa mwangalifu zaidi: aliikubali maslaha, lakini akaizungushia ua wa mambo matano yanayohifadhiwa, dini na nafsi na akili na kizazi na mali, na akaitilia masharti, iwe ya dharura, iwe ya yakini, iwe ya watu wote. Ya watu wote! Laiti wanaoitaja maslaha kila siku wangeyakumbuka masharti hayo matatu.

Kauli yetu basi ni hii. Adili ni haki ya kila msomaji wa katiba pale maneno yanapotaka kufasiriwa, na litumike kupanua hifadhi ya mtu mnyonge. Lisitumike hata siku moja kumpa mwenye serikali uwezo ambao hakuandikiwa. Akitaka uwezo mpya, aende kwa wananchi, maneno yabadilishwe mchana kweupe.

Na wala tusidhani kwamba mwenye kujiita Mtu wa Asili ameepukana na maradhi haya. Tarehe 1 Julai 2024 Mahkama ya Juu ya Marekani, ambayo wengi wa majaji wake hujinasibisha na Asili, iliamua kwa sita kwa tatu kuwa Rais aliyeondoka madarakani hashitakiwi kabisa kwa matendo yaliyo kiini cha mamlaka yake ya kikatiba, na kuwa matendo yake mengine ya kiofisi nayo yadhaniwe yana kinga. Tafuta maneno hayo katika katiba ya 1787 usiku na mchana, hutayaona. Waandishi walijua kuandika kinga walipotaka kuiandika, maana waliwapa wajumbe wa Kongresi kinga kwa yale wayasemayo barazani. Rais hawakumpa mstari. Bali waliandika kuwa kiongozi aliyeondolewa kwa kuhukumiwa na Seneti bado anaweza kushitakiwa mbele ya sheria. Basi ikawaje? Ikawa kwamba majaji waliona serikali haitakwenda vyema Rais akiwa na khofu ya kushitakiwa. Hiyo ni istihsani, tena ya mwenye nguvu.

Turudi kwetu sasa. Mwaka 2000 Mahkama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, watu wa upinzani waliokaa rumande zaidi ya miaka miwili kwa shitaka la uhaini, ilitamka kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa sababu Zanzibar si dola. Maneno yaliyoivunja kamba ya kitanzi ndiyo yaliyoinyima nchi yetu jina. Yalituuma. Lakini hakuna aliyekwenda kumwomba jaji aisome katiba kwa mapenzi yetu. Kazi ilifanywa pahala pake: mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, ikaandikwa kuwa Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, na mwaka huohuo, tarehe 31 Julai, wananchi walikuwa wamekwisha kuulizwa kwa kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66 wakasema ndio. Huko ndiko kubadilisha maneno mchana kweupe.

Ikaja tarehe 28 Oktoba 2015. Wazanzibari walikuwa wamepiga kura siku tatu nyuma, matokeo ya majimbo kadhaa yamekwisha kutangazwa, na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akatokeza kutangaza kuwa uchaguzi wote umefutwa. Alitaja kasoro. Na waliomtetea wakasema amani na maslahi ya nchi vilitaka hivyo. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, upinzani ukaususia, na mshindi akatangazwa kwa asilimia 91.

Hatutabishana hapa juu ya kasoro. Tuseme zilikuwepo zote alizozitaja, na nyengine juu yake. Mahkama zipo kwa ajili ya kasoro. Kifungu cha 119 cha Katiba ya Zanzibar ndicho kinachoiunda Tume, nacho kinazungumza juu ya akidi ya kikao na maamuzi ya wajumbe walio wengi. Uwezo wa mtu mmoja kuzifuta kura za nchi nzima umeandikwa wapi? Wanasheria wa upande wa pili wamesoma, wana vyeo na vitabu, na baadhi yao watafurahi kumsikia Bwana Vermeule akiwaambia kuwa maslahi ya umma yatosha. Sisi hatutaki falsafa yao, wala hatuwatukani. Twaomba nambari ya kifungu.

Kila tawi litafute nakala ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 pamoja na mabadiliko yake, na kifungu hicho kisomwe kwa sauti barazani, neno kwa neno, kabla ya uchaguzi wowote kuitishwa.